Mkurugenzi wa Mizoga

Sikilizeni basi, na mwenye usingizi aende akalale kwao. Katika mbuga ya Kisesera mvua iligoma mwaka mzima. Nyasi zililiwa mpaka mizizi, na mizizi ikaliwa pamoja na udongo wake. Mito ikageuka makorongo ya mchanga. Maji yalibaki mahali pawili tu. Upande wa magharibi kulikuwa na Bwawa la Mikoche, pana na lenye kivuli. Upande wa mashariki kulikuwa na visima ambavyo Tembo alivichimba kwa pembe zake mchangani, visima vya kubabaisha, vya kunywa kwa zamu na kwa ugomvi.

Kisha wanyama wakaanza kufa. Si kufa kwa njaa, maana njaa huua polepole na kila mtu anaijua sura yake. Hawa walikufa wakiwa na nyama mwilini. Nyati alikula asubuhi, na adhuhuri alikuwa amelala miguu juu, tumbo limevimba, damu nyeusi inamtoka puani na haigandi. Utasema jambo kama hilo halifichiki. Basi hukuijua serikali ya Simba.

Simba alikuwa na kiburi cha kutosha wanyama kumi. Siku aliyotawazwa alitangaza kwamba katika nchi yake hakuna ugonjwa, na tangu siku hiyo hapakuwa na aliyethubutu kuugua hadharani. Maradhi, alisema, ni mambo ya mbuga za jirani. Kazi ya kuyafanya maneno hayo yawe kweli aliachiwa katibu wake, Sungura, ambaye akili zake zilikuwa nyingi kuliko haya yake. Sungura akapata maneno. Aliyekufa akaitwa aliyehama. Waliokufa kumi kwa pamoja wakaitwa msafara. Tumbusi, ambao tangu dunia iumbwe huzunguka angani juu ya mzoga, wakapigwa marufuku kuzunguka kwa sababu wanazua taharuki.

Manung'uniko hayakwisha. Ndipo Simba akafanya wanalofanya watawala wote wakibanwa: akaunda ofisi. Kwa kuwa ofisi moja ingeonekana ndogo, akaunda mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya utafiti, akapewa Pimbi. Pimbi aliishi juu ya jabali, mdogo wa umbo, mwoga wa asili, na mwenye macho ambayo hayakuruhusu kitu kipite bila kutazamwa. Alikuwa akichunguza wenzake tangu utoto. Alijua kinyesi cha kila mnyama, alijua nywele za kila mmoja, na alikuwa na kipande cha utomvu mkavu wa mgunga, ulioganda ukawa wazi, ambacho akikiweka mbele ya jicho unywele mmoja ulionekana mnene mfano wa ukuti. Wenzake walimcheka. Walimwita Daktari wa Vyooni. Yeye alijibu kwamba mnyama anaweza kudanganya kwa mdomo, lakini akishachuchumaa hana ujanja.

Ofisi ya pili ilikuwa ya mizoga, akapewa Fisi.

"Ana uzoefu," Sungura alimweleza mfalme, na hilo halikuwa uongo.

Sheria ya ofisi hiyo ilikuwa fupi. Yeyote atakayeona mzoga asimwambie mtu mwingine kabla ya kumwambia Mkurugenzi wa Mizoga. Mkurugenzi atakwenda peke yake, ataukagua, kisha atatoa taarifa. Fisi aliposomewa sheria hiyo alilia machozi ya kweli. Maisha yake yote alikuwa akifukuzwa, akipigwa mateke, akisubiri mabaki ya wengine, na leo nchi nzima imeamriwa imwite kwanza. Akaapa kuitumikia ofisi kwa moyo wote. Moyo haukuitumikia sana, ila tumbo lilifanya kazi mchana kutwa.

Kila mwezi ulipoandama Fisi alipanda mbele ya baraza, akajisafisha koo na kusoma: "Mizoga iliyoonekana: sufuri." Ukitaka kumtendea haki, hata hapo hakusema uongo mtupu. Akishamaliza kukagua, kweli hapakuonekana kitu.

Baada ya taarifa, Simba alikuwa akimwita kando. Mwanawe mkubwa, Ngurumo, alikuwa ameondoka kwenda magharibi kujitafutia himaya yake, na wawili hao waliachana kwa maneno makali. Ngurumo alikuwa na manyoya mekundu ya shingoni aliyorithi kwa mama yake, mekundu peke yake katika nchi nzima. Simba alimpenda mtoto yule kuliko alivyompenda mtu yeyote, lakini kiburi kilimzuia kuuliza waziwazi.

"Huko magharibi," alikuwa akisema huku akitazama pengine, "hakuna simba yeyote unayekutana naye?"

"Ngurumo? Mzima wa afya, Mtukufu. Anakusalimu sana. Juzi tumeongea mpaka jua likazama."

"Sikuuliza habari zake," Simba alijibu, na siku hiyo alikuwa mpole kwa kila mtu.

Sasa, Pimbi alihitaji vinyesi. Alitaka cha kila kundi, kila mwezi, ili ajue nani ameanza kuumwa na wapi, kabla vifo havijafika kwa wengine. Vyombo alikuwa navyo, maganda makavu ya matunda ya makwakwa, magumu na yenye vifuniko. Alichokosa ni miguu. Mbuga ilikuwa pana, yeye alikuwa na hatua za kidole, na kila akitazama uwanda ulio wazi alihisi tai tayari yuko mgongoni mwake. Pimbi hana mkia, na wenye midomo husema ni kwa sababu siku ya kugawiwa mikia alimtuma mwingine amchukulie. Sijui kama ni kweli. Najua kwamba Fisi alipokuja kumwambia, "Dada Pimbi, mimi natembea kila mahali, nipe maganda yako nikukusanyie," alimpa siku hiyohiyo na kumshukuru.

Na maganda yalirudi kwa wakati, yamejaa, yamechorwa alama ya mwenyewe na ya mwezi. Swala, pundamilia, twiga, nyumbu. Hata moja lenye alama ya mfalme, ambalo Fisi alilikabidhi kwa mikono miwili. Pimbi aliyapanga kwa safu juu ya jabali na kuyatazama kwa furaha. Hakuyafungua. Alikuwa amejiwekea kwamba hatafungua hata moja mpaka yatimie mia, kwa sababu utafiti wa maganda mia unasikika vizuri kuliko wa maganda tisini. Yeye naye alikuwa na kiburi chake, kidogo kulingana na umbo lake.

Yalipofika tisini na moja, Sungura alipita kila mahali na tangazo. Mfalme anaona aibu raia wake kunywa kwa zamu kwenye mashimo mashariki. Baada ya siku tatu baraza litakaa, na siku ya nne wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, watahamia Bwawa la Mikoche. Taarifa za Mkurugenzi zinaonyesha kwamba ndiko salama kuliko kote.

Jioni hiyohiyo Tumbusi alipanda jabalini kwa Pimbi. Alipanda kwa miguu, akihema, mabawa ameyakunja kwapani.

"Mbona unatembea, kaka?" Pimbi aliuliza.

"Nikiruka nitazunguka. Nikizunguka nitakamatwa. Nimeona bora miguu."

"Umetoka wapi?"

"Magharibi." Tumbusi aligeuza kichwa chake kipara huku na huku. "Mimi sijasema kitu, dada. Sheria naijua. Nasema tu kwamba pale mikocheni pana harufu, na mimi harufu si kitu cha kunisumbua, lakini ile imenisumbua."

Alipoondoka Pimbi alikaa akiyatazama maganda yake. Wanyama wote, wakubwa kwa wadogo. Dada zake na watoto wao wa jabali la chini walikuwa wameshaanza kufunga virago. Ikiwa bwawa ni salama, yeye ni mwoga tu na hakuna jipya. Ikiwa si salama, siku ya nne nchi nzima itashuka kunywa kifo chake kwa amri ya serikali, na mtu pekee mwenye uwezo wa kujua kabla ya hapo ni yeye. Akasema basi, tisini na moja yanatosha.

Kinyesi hakichunguzwi kikavu, lazima kioshwe. Maji yalikuwa ya mgawo, kwa hiyo Pimbi alichukua mgawo wake wa kunywa wa asubuhi na kuumimina wote juu ya ganda la kwanza, lenye alama ya swala.

Ndani palikuwa na unga mweupe mfano wa chokaa.

Akafungua la pundamilia. Cheupe. La nyumbu. Cheupe, ila hiki kilikuwa kimelowanishwa na kuviringwa vizuri ili kifanane na cha nyumbu. La twiga, cheupe kitupu. Akafungua yote hamsini ya safu ya mbele, na yote yalikuwa hivyohivyo. Mtoto wa siku tatu katika Kisesera anajua nani hunya cheupe, maana ni mmoja tu anayesaga mifupa mpaka iwe unga. Miezi sita Fisi hakuwa amekwenda popote kukusanya chochote. Alikuwa akichuchumaa kichakani kwake, akijaza maganda na kuchora alama anazozitaka.

Pimbi alilia. Alilia kwa sababu ya miezi sita, na kwa sababu alikuwa amemshukuru. Alinyanyua ganda ili alivurumishe chini ya jabali.

Ndipo akaona unywele.

Ulikuwa umetokeza katikati ya ule unga, mweusi, mgumu. Akauweka mbele ya utomvu wake. Nyati. Akachambua zaidi, akapata vigamba vya konokono mdogo anayeishi kwenye tope la Bwawa la Mikoche na hapatikani kwingine. Pimbi akaliweka ganda chini taratibu sana.

Fisi alifikiri kinyesi ni kinyesi tu. Hakujua kwamba nywele hazimeng'enyeki. Mzoga aliokula jana ulikuwa leo ndani ya ganda, na ganda lilichorwa mwezi wake, na yeye mwenyewe alilileta kwa mtu pekee katika nchi awezaye kulisoma. Katika taarifa aliandika sufuri. Katika maganda, bila kujua, aliandika kila kitu.

Siku mbili Pimbi hakunywa tone. Aliosha, akachambua, akapanga nywele juu ya jiwe mwezi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza nyati wawili. Wa pili nyati watatu na nyumbu mmoja. Baadaye pundamilia, nyumbu tena, na ndama wa tembo. Karibu kila ganda lilikuwa na konokono wa bwawa. Picha ilikuwa wazi. Ni kimeta, ule ugonjwa wa damu isiyoganda. Ugonjwa uko ardhini kando ya bwawa, wala nyasi wanaung'oa pamoja na mizizi, na kila anayekufa Fisi anampasua, damu inamwagika, ardhi inazidi kuwa mbaya. Mzoga wa kimeta usiopasuliwa hudhuru kidogo. Mkurugenzi alikuwa amepasua ishirini na tano.

Alipokuwa akifungua ganda la mwisho, lenye alama ya mfalme, alidhani amemaliza. Akatoa nyuzi ndefu, laini. Akaziweka mbele ya utomvu, kisha akazitazama bila utomvu, maana hazikuhitaji. Zilikuwa nyekundu.

Pimbi alikaa chini akasema, "Afadhali nisingefungua."

Asubuhi ya tatu alimwendea Sungura kuomba nafasi barazani.

"Ajenda imejaa, Bi Pimbi," Sungura alisema bila kuinua uso. "Kuna shukrani kwa mfalme, halafu pongezi kwa Mkurugenzi, halafu shukrani za kufungia."

"Wanyama ishirini na sita wamekufa."

"Wamehama."

Pimbi akafungua kiganja chake, akamwonyesha zile nyuzi nyekundu. Masikio ya Sungura yalisimama, kisha yakalala. Pimbi alimwona waziwazi akipiga hesabu ya nani atakuwa amesimama upande gani siku mfalme atakapojua.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Wewe na mimi."

"Basi utasema mara tu baada ya taarifa ya Fisi. Lakini usianze na hizi. Ukianza na hizi atakuua wewe kwa kuzileta. Acha kwanza Fisi mwenyewe aseme kuwa amekula. Hiyo niachie mimi."

"Hatasema kamwe."

"Fisi anaweza kuficha kila kitu," Sungura alisema, "isipokuwa uchungu wa kunyang'anywa nyama."

Baraza likakaa adhuhuri. Simba alipanda juu ya kichuguu chake, manyoya yamechanwa. Fisi alisoma taarifa, sufuri ikapigiwa makofi. Akiwa anarudi kwenye nafasi yake, mfalme alimwita kando, na Pimbi aliyekuwa karibu akasikia yote.

"Na huko magharibi?"

"Mzima kabisa, Mtukufu. Jana tu amenipa salamu. Anasema mkihamia kule atakuja kukupokea njiani."

Simba alitazama pembeni na kukohoa kidogo. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Pimbi alitamani ardhi immeze, maana nyuzi zile zilikuwa kiganjani mwake muda wote huo.

"Daktari Pimbi, maneno machache," Sungura alitangaza.

Pimbi alijikaza kisabuni, akasimama mbele ya baraza na safu ya maganda yake. "Ninaomba kumuuliza Mkurugenzi. Maganda haya uliyakusanya mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu miwili, dada. Kila mwenye mali nilimsimamia mpaka akamaliza."

Baraza likacheka.

"Mbona yote ni meupe?"

"Ukame," Fisi alisema. "Wanyama wamekauka mpaka ndani."

Wengi walitikisa kichwa kukubali. Ilisikika kama sayansi.

"Na unga wa mifupa ndani ya choo cha swala?"

"Lishe duni."

"Na nywele za nyati humohumo?"

"Upepo," Fisi alisema. "Upepo wa mwaka huu hauna adabu."

"Pimbi," Simba alinguruma, "unamsumbua Mkurugenzi wangu kwa mambo ya chooni. Kaa."

Pimbi alikaa. Sungura akasimama, akaweka sauti ya mtu anayetaka kila mtu arudi nyumbani mapema.

"Mtukufu, tusigombane kwa jambo dogo. Bi Pimbi anasema mizoga ina sumu. Mkurugenzi anasema mizoga hakuna. Napendekeza amri ya kuwaridhisha wote. Kuanzia leo, mzoga wowote utakaoonekana Tembo aufunike kwa mawe palepale, na jino la mtu lisiuguse. Kwa kuwa mizoga yenyewe haipo, hakuna atakayepoteza kitu."

"Haina ubaya," Simba alisema. "Ipite."

"Subirini," Fisi alisema.

Wote wakamgeukia. Midomo ilikuwa ikimcheza.

"Nasema tu tusiharakishe. Mawe ni mazito. Tembo atachoka."

"Atachokaje, na mizoga ni sufuri?" Sungura aliuliza kwa upole.

"Ikitokea, nasema. Ikitokea mmoja, mnono, umefunikwa mawe, unaozea chini, hata kuuonja hakuna. Huo si ubadhirifu? Na katika njaa hii?"

"Lakini una sumu, ndugu yangu."

"Sumu gani?" Fisi alikuwa amesimama kwa miguu yote, anatetemeka. "Huyu wa vyooni anajua nini kuhusu nyama? Mimi nimekula yote ishirini na tisa, na nitazameni, nimeugua wapi?"

Hata nzi nadhani walitua.

Pimbi akasimama polepole. "Mimi nilipata ishirini na sita," alisema. "Mitatu sikuijua. Asante, Mkurugenzi."

Ukelele uliopigwa na nyumbu na nyati siku hiyo sina maneno ya kuueleza. Kila mmoja alikuwa na aliyehama. Mama mmoja wa nyati aliuliza kwa sauti kama mwanawe yumo katika ishirini na tisa. Simba alinguruma mpaka wakanyamaza, na utaona kiburi kilivyo kigumu kufa, maana alisema:

"Sawa. Nyati wachache, nyumbu wachache. Mkurugenzi amekosea na atakemewa. Lakini tangazo langu haliwezi kurudi nyuma. Kesho tunahamia bwawani kama nilivyosema."

Sungura alimtazama Pimbi. Pimbi alitazama dada zake kule nyuma, na virago vyao. Alijua sasa kwamba wanyama ishirini na tisa hawatoshi, na kwamba mia wasingetosha. Akatembea mwenyewe, kwa zile hatua zake za kidole, katikati ya uwanja ulio wazi alioukwepa maisha yake yote, mpaka chini ya kichuguu. Akafungua kiganja.

"Nisamehe, Mtukufu. Hizi zilikuwa katika ganda la mwisho. Ganda lina alama ya mwezi uliopita."

Simba aliinama. Alizitazama zile nyuzi nyekundu, akazinusa, akafumba macho. Aliponyanyua kichwa hakunguruma. Sauti ilikuwa ndogo hata waliokaa nyuma hawakuisikia.

"Mkurugenzi. Jana ulinipa salamu zake."

"Mtukufu, aliniagiza. Zamani kidogo aliniagiza, nikawa nazigawa kidogokidogo ili usikose..."

Hakumaliza. Simba alimpiga kofi moja tu kiunoni, na kofi hilo lilitosha. Mgongo wa Fisi ulishuka nyuma na haukupanda tena, ukimwona hata leo utaona. Akatoroka akichechemea na kutoa ile sauti yake ambayo wageni hudhani ni kicheko. Ofisi ya mizoga ikafungwa. Tumbusi wakaambiwa waruke wanavyotaka na wazunguke wanavyotaka, na kuanzia hapo habari ya kifo haipelekwi kwa mtu mmoja kichakani, inawekwa juu ambako kila mwenye macho anaiona.

"Niandike amehama, Mtukufu?" Sungura aliuliza, kalamu mkononi. Mara hii alikuwa na nia njema.

"Andika amekufa," Simba alisema. "Wote. Andika majina, na uandike wamekufa."

Safari ya bwawani ikafutwa. Visima vya mchangani vikaongezwa, na wanyama wakaendelea kunywa kwa zamu na kwa ugomvi, hai. Tembo aliburuta matawi ya migunga akaziba njia yote ya kwenda mikocheni kwa miiba, na mfalme akatoa amri kwamba hakuna mguu utakaovuka. Sungura, naturudi kwake kidogo, aliandika katika kumbukumbu kwamba uchunguzi wote ulikuwa wazo la katibu. Pimbi alisoma akaacha. Siku hizo alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa akishuka jabalini kila asubuhi na maganda yake mgongoni, akiogopa tai njia nzima, akikusanya mwenyewe.

Asubuhi moja alikuwa kwenye mpaka wa miiba aliposikia hatua nzito. Simba alikuja peke yake. Manyoya hayakuwa yamechanwa.

"Niondolee tawi hilo nipite," alisema.

"Siwezi, Mtukufu."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Amri ni yako."

Simba alisimama akitazama ng'ambo, kule ambako vilele vya mikoche vilionekana kwa mbali. "Sitakunywa maji. Sitagusa kitu. Nataka kuona alipolala tu, nimfukie kidogo, nirudi."

"Udongo wenyewe ndio unaoua sasa," Pimbi alisema. "Utarudi nao kwenye nyayo mpaka visimani. Kuna watoto wa watu kule."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Kimeta hukaa ardhini miaka mingi. Pengine kuliko umri wangu na wako."

"Hata mimi nisiende?"

"Hata wewe."

Pimbi alidhani atapigwa kofi, akajikunja. Lakini Simba alikaa chini pale pale mbele ya miiba, uso umeelekea magharibi, akalia bila kujificha. Pimbi hakujua la kufanya, kwa hiyo akatua maganda yake akakaa karibu naye mpaka jua likawa kali.

Hadithi yangu inakomea hapo kwenye miiba, na anayetaka kuibeba aibebe. Mimi neno langu ni moja. Siku nyati wa kwanza alipolala miguu juu kando ya bwawa, Ngurumo alikuwa bado mzima, na palikuwa na muda wa kumtumia mtu amwambie arudi nyumbani. Ila baba yake wakati huo hakutaka kusikia habari ya nyati.